Nyigu wa potopoto hachomi nyumba, kinachochoma ni kiberiti

BUKAVU – Jumamosi moja ya mwanzo wa mvua, saa tatu asubuhi, kijana wa miaka 14 alipanda juu ya kiti nyuma ya nyumba yao ya mbao, kwenye mteremko wa komine ya Kadutu. Mkononi alishika kijiti chenye kitambaa kilicholowa petroli. Baba yake alikuwa amemtuma kumaliza "yale manyigu" yaliyojenga chini ya paa. Kijana akawasha kiberiti. Tope halikuwaka, kwani tope haliwaki. Zilizowaka ni katoni zilizopigiliwa chini ya manjanja ili kupunguza baridi ya usiku.

Jirani wa nyumba ya juu ndiye aliyeona kwanza. "Mama, kwa paa yenu kunawaka!" Watu wakakimbia na ndoo, na moto ukazimwa na maji ambayo mama mwingine alikuwa ameyatekea kufua nguo za watoto. Nyumba ilibaki, ila pembe moja ya paa iliteketea na kijana akaungua vidole viwili. Nyigu mwenyewe hakuwa nyumbani. Alirudi mchana ule na donge la tope mdomoni, akazunguka ubao uliogeuka mweusi, kisha akahamia kwa jirani.

Habari ya namna hii haifiki redioni, kwa sababu hakuna aliyekufa. Redio husema juu ya moto pale nyumba nyingi zinapokwisha kwa usiku mmoja na watu kulala nje. Lakini kila moto mkubwa ulianza ukiwa mdogo, na katika mji kama Bukavu moto mdogo haukai mdogo. Nyumba zimegusana. Ukuta wa mbao wa huyu ndio ukuta wa yule. Njia nyingi za Kadutu ni ngazi za udongo ambazo hata mwenye kubeba jeneza huzipita kwa shida, sembuse gari la kuzima moto. Maji nayo hutoka siku moja, siku mbili hayatoki. Mtu anayewasha kitambaa cha petroli chini ya paa lake mahali kama hapo anaweka rehani nyumba za avenyu nzima, na wenzake hawakumruhusu.

Na anafanya hivyo kwa ajili ya mdudu gani?

Watu wengi hawajawahi kumwangalia kwa utulivu. Nyigu wa potopoto anayeonekana sana nyumbani ni mweusi, miguu yake ina rangi ya njano, na kiuno chake ni chembamba kama uzi, mpaka mtu hushangaa namna gani sehemu mbili za mwili hazijaachana. Huishi peke yake. Hana malkia, hana askari, hana kundi la kumlinda. Ni jike mmoja tu anayekwenda kwenye potopoto, anafinyanga kidonge kidogo kwa taya zake, anarudi nacho, anakibandika, anakwenda tena. Safari hizo ni nyingi sana kabla chumba kimoja hakijakamilika. Kisha anawinda buibui. Anawachoma sindano inayowalegeza bila kuwaua, anawapanga ndani ya chumba mmoja juu ya mwingine, anataga yai moja, anaziba mlango kwa tope. Anaanza chumba cha pili kando ya kile cha kwanza. Akimaliza vyumba vyake, huwa anapaka tope juu ya vyote mpaka vinafanana na donge ambalo mtoto alilitupa ukutani. Halafu anaondoka na harudi kuwalinda watoto. Mtoto wa nyigu anakula wale buibui, anakua, anatoboa tundu la mviringo na kuruka.

Kwa hiyo kinachoitwa "kiota cha manyigu" mara nyingi ni ghala lililofungwa ambalo mwenyewe ameshaliacha. Mwenye kwenda nalo kwa moto anapiga vita na ukuta.

Hofu ya watu inatoka kwa ndugu yake mwingine, na hapa ndipo kosa linapozaliwa. Wako nyigu wanaoishi kwa jamaa. Kiota chao si cha udongo: ni kama karatasi ya kijivu, kina vijumba wazi vinavyotazama chini, na kinaning'inia kwa kishikizo chembamba chini ya paa, katika mti wa parachichi au ndani ya choo. Juu yake hukaa nyigu kadhaa, mabawa yameinuka, wanatazama. Hao wakiguswa hutoka pamoja na huuma kweli. Mtoto aliyepigwa nao shuleni, uso ukavimba siku mbili, hatasahau, na akikua atamwogopa kila mdudu mwenye kiuno chembamba. Lakini yule wa tope si huyu wa karatasi. Wa tope humuuma mtu pale anapokamatwa kwa mkono au kubanwa ndani ya nguo. Mtu anaweza kusimama hatua moja kutoka ukuta anaojenga, naye ataendelea na kazi yake kama fundi aliyelipwa nusu.

Njia ya kuwatofautisha haihitaji masomo makubwa. Udongo na mdudu mmoja, au udongo bila mdudu yeyote, ni wa potopoto. Karatasi na wadudu wengi ni wale wakali. Wazazi wangewafundisha watoto jambo hili moja, mawe mengi yasingetupwa na machozi mengi yasingetoka.

Lakini huyu wa tope naye asisifiwe kupita kiasi. Wapo wanaosema asiguswe kamwe kwa sababu anakula buibui. Ni kweli kwamba anawamaliza, lakini buibui naye hukamata mbu, kwa hiyo hesabu haiko wazi sana. Mwenye faida inayoonekana zaidi kwa mkulima ni jamaa yake mwingine, yule anayejenga kijungu kidogo cha udongo chenye shingo, mfano wa chungu cha kuchotea maji. Huyo huwalisha watoto wake viwavi. Familia yenye shamba la mahindi kule Kabare au Walungu, ambako viwavi jeshi vimekuwa taabu kama kwingine kote Afrika tangu 2016, haina sababu ya kubomoa kijungu hicho kama kiko mahali ambapo hakimsumbui mtu.

Hasara za nyigu wa potopoto zipo pia. Anapenda kila tundu lililo tayari, kwani linampunguzia kazi. Ataziba tundu la ufunguo la kadenasi, mpira wa maji uliotundikwa, bomba la moshi la jenereta iliyolala wiki tatu bila esanse, na mgongo wa redio ya zamani iliyowekwa juu ya kabati. Ataweka tope kwenye koti la kanisani lililotundikwa ukutani toka Pasaka. Kwa vyombo vikubwa zaidi jambo hili si la mzaha. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwa ndani wakafa. Wachunguzi waliona kwamba kibomba kimoja kinachopima mwendo wa ndege kilikuwa kimeziba, na waliyemshuku zaidi ni nyigu wa tope, kwani ndege ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila vibomba hivyo kufunikwa. Kwa hiyo mwenye jenereta au pikipiki iliyokaa muda mrefu achungulie bomba la moshi kabla ya kuwasha, na akiiacha tena alifunike kwa kitambaa.

Moto ni kosa la kwanza. La pili ni sumu, na hili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Sokoni, dawa ya kunyunyizia nyanya humiminwa kutoka chupa kubwa hadi vichupa vidogo vilivyokuwa vya juisi au vya dawa ya kikohozi. Hakuna karatasi iliyobandikwa, hakuna jina, hakuna kipimo. Muuzaji husema tu: "Hii inaua vyote." Mnunuzi anafika nyumbani, anainyunyiza chini ya paa, juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya mfuko wa unga wa muhogo, kisha anakiweka kichupa nyuma ya mlango, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anafika kwa mkono wake. Kumbe ile dawa haikuingia hata ndani ya kiota. Vyumba vimezibwa kwa udongo mkavu na mdudu mwenye kujenga yuko mtoni. Iliyopata dawa ni familia.

Mtoto aliyemeza sumu ya shambani huanza kutokwa na mate mengi na jasho, hutapika, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya kalamu, kifua hubana, mwili hutetemeka. Katika mitaa mingi watu hukimbilia maziwa au mafuta ya mawese. Haifai. Haifai pia kumtapisha kwa kidole, hasa kama alikunywa petroli, kwani petroli ikirudi juu huingia katika mapafu na kuyaharibu. Inafaa avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na kile kichupa ili muuguzi aone au anuse alichokunywa. Dakika zinazopotea kutafuta maziwa kwa jirani ndizo ambazo mtoto alizihitaji.

Na kwa nini haya yote, wakati kazi yenyewe ni ya ndoo ya maji na kisu kisichokata?

Kiota cha potopoto ni potopoto. Kikilowa hulainika. Mwenye nyumba aangalie kwanza kama kina matundu ya mviringo. Kama kinayo, watoto wamesharuka, kimebaki ganda. Kama kimefungwa chote, bado kuna watoto ndani, lakini hao hawawezi kumfanyia mtu kitu. Achague saa ambayo nyigu mkubwa haonekani, au asubuhi mapema wakati bado kuna baridi na wadudu ni wazito. Avae shati la mikono mirefu na kufunga macho na kichwa kidogo kwa kitambaa, kwani vumbi na vipande vitaanguka. Alowanishe kiota kwa maji ya sabuni, angoje kidogo, kisha akwangue kwa kisu cha zamani, kijiko au kipande cha ubao. Vipande vitupwe mbali au vizikwe. Alama inayobaki ukutani isuguliwe kwa brashi na sabuni mpaka iishe. Wengi huacha hapo nusu ya kazi: ganda la zamani likibaki, wadudu wengine na buibui huingia kuishi katika vyumba vitupu, na mzunguko unaanza tena.

Kama jike bado anajenga, ufagio unatosha. Akivunjiwa tope lake la kwanza leo, na kesho tena, na kesho kutwa, atachoka na kutafuta ukuta mwingine. Inaomba uvumilivu wa siku chache, si zaidi. Maji ya sabuni pekee, yakimwagika juu ya mwili wake, humwangusha chini, kwa hiyo hata yule asiyetaka kumwonea huruma hana haja ya kununua sumu.

Kiota cha karatasi ni jambo lingine na kisiachiwe vijana. Kama kiko mbali juu ya mti, kiachwe. Kama kiko juu ya mlango au ndani ya choo, mtu mzima aliyevaa vizuri akiendee jioni giza likiingia, wakati wote wamerudi na wametulia. Akimwagie maji mengi ya sabuni kutoka pembeni, asisimame chini yake, na awe na njia wazi ya kuondoka. Ngazi mbovu usiku ni hatari kuliko nyigu. Aliyeumwa aoshe mahali hapo na kuweka kitambaa cha maji baridi. Ila midomo au ulimi ukivimba, mtu akihema kwa shida, akipata vipele mwili mzima au kizunguzungu, hiyo si ya kungoja asubuhi. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyepigwa na wengi kwa mara moja.

Sasa kuna swali la kwa nini wanarudi kila mwaka kwenye nyumba zilezile. Jibu liko chini, si juu ya paa. Nyigu huyu anahitaji vitu vitatu: potopoto laini, buibui, na mahali pakavu pasipopigwa na mvua. Nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi zinampa vyote bila malipo. Bomba la avenyu linavuja na akina mama huosha bidoni palepale, hivyo tope halikauki hata mwezi wa Julai ambapo vumbi limejaa mahali pengine. Maji ya kuogea humwagwa nyuma ya ukuta. Utando wa buibui hukaa pembeni toka Noeli hadi Noeli. Na kati ya ukuta na manjanja kuna nafasi ambayo mkono unapita.

Mfereji mdogo wa kuongoza maji machafu, mawe machache chini ya bomba, ufagio wa kutoa utando kila Jumamosi: hayo matatu yanafanya kazi kuliko dawa zote za sokoni. Kisha nafasi ile ya juu. Wengine huiziba kabisa kwa udongo na simenti. Hapo inafaa kuwa na akili. Katika nyumba ambamo watu hupika kwa makaa, au huingiza mbabula ndani usiku kwa sababu ya baridi, nafasi ile ndiyo pua ya nyumba. Ikizibwa, hewa mbaya ya makaa, ambayo haina harufu, inaweza kuua watu usingizini. Bora kupigilia wavu: waya wa matundu madogo kwa mwenye uwezo, au kipande cha chandarua kilichochakaa kwa asiye nao. Chandarua kilichochakaa, si kile kipya kilichogawiwa juzi. Hicho ni cha kitandani, na malaria inaua kwa namna ambayo nyigu wa potopoto hawezi kuifikia hata akijaribu.

Na hapa inafaa kusema wazi juu ya wenye nyumba. Mpangaji wa Bukavu hulipa garanti ya miezi mingi kabla ya kuingia, kisha anaambiwa asigonge msumari hata mmoja. Akilalamika juu ya paa wazi, anajibiwa kwamba kama hataki, wapo wengine kumi wanaongoja. Hivyo mpangaji hafungi tundu kwa sababu nyumba si yake, mwenye nyumba hafungi kwa sababu halali humo, na kiberiti kinabaki kuwa suluhisho la wote wawili. Mita chache za wavu, vipande vya mbao na misumari ya kuvishika si gharama ya kumfilisi mtu anayepokea kodi kila mwezi. Ikiungua, yeye ndiye atakayepoteza nyumba. Mpangaji atapoteza godoro, vyeti vya shule vya watoto, na pengine zaidi ya hapo.

Mashefu wa avenyu nao wana nafasi yao. Siku ya salongo watu hukusanyika, hufagia mfereji na kurudi nyumbani. Dakika tano za kusema "hakuna kuwasha moto chini ya paa kwa ajili ya wadudu, na bomba lile litengenezwe wiki hii" zisingemgharimu yeyote. Tena shefu ndiye anayejua nani anauza sumu isiyo na jina karibu na shule. Kumwita na kumwambia auze kilicho na jina na maelezo, au asiuze, haihitaji barua kutoka jimboni.

Wapo watakaosema kwamba Kivu ya Kusini ina mambo mazito kuliko nyigu: vita, bei ya unga, barabara, mishahara isiyofika. Ni kweli, na hakuna anayebisha. Lakini mambo hayo mazito ndiyo yaliyowaleta watu wengi mjini toka vijijini, wakajenga mbao juu ya mbao kwenye milima hii. Familia iliyokimbia mara mbili na kuanza upya kwa manjanja kumi na mbili haina manjanja mengine ya kuunguza kwa sababu ya mdudu mmoja.

Katika nyumba ile ya Kadutu, wiki iliyofuata baba alinunua kiroba cha misumari na kupigilia kipande cha chandarua kuzunguka paa lote, kijana akimshikia ngazi kwa mkono uliofungwa bendeji. Katoni hazikurudishwa. Nyigu sasa anajenga nyuma ya choo, upande ambao mvua haifiki. Mama wa nyumba anasema wakati wa kiangazi, tope likikauka, atapita na kisu na ndoo.